Nani alipiga muhuri huu wa siri?

Mwaka juzi niliingia ofisi moja ya serikali kuomba nakala ya mkataba wa kisima kilichochimbwa kijijini kwetu na kukauka kabla ya miezi sita. Karani alinipokea vizuri. Akaleta faili, akalifungua, macho yakatua kwenye muhuri mwekundu wa neno moja tu, akalifunga. "Samahani ndugu yangu, hii ni siri." Nikamuuliza nani aliamua kuwa ni siri, na lini. Hakujua. Pale pembeni ya muhuri hapakuwa na jina, tarehe wala sababu.

Sisemi serikali isiwe na siri. Nimelelewa kambini, mtoto wa askari, na Kiswahili hiki nilikipata huko kabla ya kukisoma darasani. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutomwambia mtu baba anaondoka lini wala anaelekea wapi. Jeshi letu la Uganda liko Somalia tangu 2007, na Julai 2010 Al-Shabaab, kundi linalopigana nalo huko, walilipua mabomu jijini Kampala, katika maeneo ya Kyadondo na Kabalagala, wakaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Njia ya msafara wa kijeshi, jina la mtoa habari aliye ndani ya kundi la adui, mpango wa ulinzi wa kambi: haya yakivuja, kuna mama atapokea jeneza. Anayedai kila karatasi iwekwe wazi hajawahi kusubiri simu ya mtu aliye vitani.

Lakini siri hiyohiyo imewahi kuwageukia askari wenyewe. Mwaka 1998 Uganda ilinunua helikopta za kivita aina ya Mi-24 kutoka Belarus. Zilizofika zilikuwa mbovu, hazifai kuruka. Ununuzi wa silaha hufanyika kwa milango iliyofungwa, na hapo hapakuwa na jicho la nje la kuuliza bei wala hali ya mitambo. Ilibidi iundwe tume chini ya Jaji Julia Sebutinde ndipo wananchi wajue yaliyotokea. Ni adui gani aliyezuiliwa kwa siri ile? Aliyekuwa hatarini ni rubani wetu.

Sheria zetu zinavuta pande mbili. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale zinapoweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au faragha ya mtu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 ikaenda mbali zaidi: hata habari iliyo kwenye orodha ya kuzuiwa inapaswa kutolewa ikiwa inafichua uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kwa umma, na faida ya kuitoa inazidi madhara. Ni kifungu kizuri sana. Ila nyuma yake bado imesimama Sheria ya Siri za Serikali ya 1964, yenye harufu ya ukoloni, ambayo inamtishia ofisa kifungo akitoa asichoruhusiwa kutoa. Sasa jiweke kwenye kiti cha yule karani. Akinipa mkataba na ikaja kuonekana amekosea, kazi imekwisha, labda na uhuru wake. Akininyima bila sababu, atarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Wewe ungechagua lipi?

Hata mahakama zimesita. Waandishi wawili wa habari walipodai mikataba ya mafuta ya Bonde la Albertine, mahakama ya hakimu mkuu wa Nakawa iliwakatalia mwaka 2010.

Wamarekani, kwa amri ya rais ya 2009, wanataka kila waraka wa siri uonyeshe aliyeamua, sababu, na tarehe au tukio la kuondolewa siri, na wamekataza kuficha jambo ili kufunika uhalifu au aibu ya ofisi. Kwao pia mihuri hupigwa kupita kiasi, kwa hiyo kanuni peke yake si dawa. Maofisa wetu watasema pia kwamba utaratibu huo ni mzito kwa ofisi yenye kompyuta moja na karani mmoja. Hoja hiyo ina uzito, ila kuandika jina na tarehe kando ya muhuri hakuhitaji kompyuta.

Wengine wanahofia kwamba ukweli utalidhoofisha jeshi. Baada ya Al-Shabaab kushambulia kambi yetu ya Bulo Marer, Somalia, Mei 2023, Rais Museveni mwenyewe alitangaza kwamba askari wetu 54 waliuawa. Iliuma sana, hasa kwetu tuliokulia kambini. Jeshi halikuvunjika.

Ombi langu la kisima niliandika upya, safari hii kwa fomu, nikitaja sheria ya 2005. Siku 21 zinazowekwa na sheria zilipopita nilirudi. Karani yule yule akanikaribisha kiti, akasema faili limepelekwa kwa bosi ili aseme kama bado ni siri. Bosi naye alikuwa anatafuta nani alipiga muhuri.