Mtungi wenye mnyororo

Jikoni kwa mama, Magomeni, kuna mtungi mdogo wa gesi uliofungwa kwa mnyororo wa baiskeli kwenye nondo ya dirisha. Mgeni akiuona hucheka. Akikumbuka yuko nyumba ya nani, anaacha kucheka na kuuliza habari za watoto. Mtungi wa kwanza uliuzwa, wa pili ukauzwa. Pasi, feni, na lile sufuria kubwa la pilau ambalo mama alikuwa akiliazimisha mtaa mzima wakati wa maulidi, vyote vilipitia mlango wa uani mikononi mwa mdogo wangu, vikaishia kuwa kete za heroini.

Siandiki haya kumwanika. Makala hii ameisoma kabla yenu, na kuna sehemu mbili kanifutisha.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu huwa wanatuambia familia za walaji unga tumewatupa ndugu zetu. Wapo waliowatupa, sikatai. Lakini wengi wetu tumehangaika mpaka tumefilisika, tatizo letu ni kwamba tunahangaikia makubwa ya mara moja. Tuko tayari kuuza kiwanja ili mtu apone mwezi huu. Kumsindikiza kliniki kila asubuhi kwa miaka miwili hatuko tayari, kwa sababu hilo halionekani kama tiba, linaonekana kama kupoteza muda.

Sisi tulianza na mganga, Mkuranga, aliyetaka mbuzi mweusi akapewa. Ikafuata shamba. Ukoo ulikaa kikao, ikaamuliwa kijana apelekwe Handeni kwa baba mkubwa akalime, huko hakuna ngada. Miezi minne alilima kweli, akarudi kanenepa, mashavu yamejaa, mama akalia kwa furaha pale stendi. Wiki haikuisha. Mtaa ulikuwa palepale, kijiwe palepale, wale jamaa walimpokea vizuri kuliko sisi, kwa sababu wao hawakumuuliza chochote.

Halafu mjomba akanunua kofuli.

Tulimfungia chumba cha uani siku nne. Mimi ndiye niliyekaa na kigoda nje ya mlango usiku wa pili, zamu yangu. Ilikuwa Januari, joto la Dar mnalijua, naye anaomba blanketi. Anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka kama mtoto mwenye mafua, vinyweleo vimesimama mikono yote, tumbo linakata, anaharisha kwenye ndoo. Miguu ikimtupa huku na huku hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Alfajiri akaniita kwa upole, "Dada, nipe elfu mbili tu, sitakuja kukuomba tena maishani." Nilikuwa nayo, iko kwenye sidiria. Mpaka leo sijui ni moyo mgumu au ni woga wa mjomba ulionizuia.

Siku ya tano akatoka, akaoga, akala ugali na dagaa sahani mbili. Mjomba akatangaza kwamba kijana kapona. Siku ya tisa feni haikuwepo.

Baadaye kliniki walitueleza kitu ambacho laiti tungekijua mapema. Arosto ya heroini, yale mateso ya kuikosa, inatisha kuitazama, lakini yenyewe ndiyo fupi. Inapanda siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi sehemu kubwa imeshapita. Mwili unatulia. Kisichotulia ni ubongo uliozoeshwa miaka kwamba raha, usingizi, na hata hamu ya kuamka vinatoka kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa. Hiyo kiu inaendelea miezi, kwa wengine miaka. Sisi tulikuwa tumepiga ngoma ya ushindi kwa kuvuka mtaro, mto wenyewe bado hatujaufika.

Na walitugombeza kwa lile kofuli. Mlaji unga mara nyingi hatumii unga peke yake. Akiwa pia anakunywa gongo kila siku au anameza valiamu, ukimkatisha ghafla chumbani anaweza kuanguka kama mwenye kifafa na kufa mikononi mwenu. Hata huko kuharisha na kutapika kwa siku kadhaa bila maji ya kutosha kunaua. Kwa hiyo wewe mwenye kofuli mkononi leo, liweke chini, nenda kwa daktari kwanza.

Kilichomsaidia mdogo wangu ni methadoni. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012, na sasa hata mikoani zipo. Zanzibar wanaitoa hospitali ya Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji na haiuzwi, inatolewa bure. Mgonjwa anainywa mbele ya mtoa dawa, kisha anatakiwa atamke maneno mawili matatu ili ijulikane imeshuka kooni na haikubaki mdomoni. Kipimo kikishakaa sawa, arosto haiji siku nzima, na ile stimu ya unga haipo. Mtu anapata akili ya kuwaza kitu kingine mbali na kete ijayo.

Ila ni kila siku. Jumapili, Idd, mvua ya masika imefunga barabara, kila siku.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya familia ni nini. Nauli wakati huo ilikuwa mia nne kwenda na mia nne kurudi. Ukimpa mkononi mtu mwenye wiki mbili tu kwenye dawa, mia nane ni mtihani. Anaweza kufika kituoni akakutana na mwenzake mwenye mia nane nyingine, hesabu ikabadilika. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza tulipanda daladala pamoja. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, naacha uji wa watoto kwenye chupa, tunatoka. Mara nyingi hatukuongea. Alikuwa anakaa dirishani anaangalia nje, mimi nasinzia. Konda mmoja akatuzoea hadi akawa anauliza, "Leo mgonjwa vipi?" na mdogo wangu anajibu, "Mgonjwa ni yeye, mimi namsindikiza." Siku aliyotania hivyo mara ya kwanza, nikajua kuna mtu anarudi.

Mjomba hakukubali. Alisema kaacha unga wa mtaani kashika unga wa serikali, nafuu iko wapi? Hoja hii mtaisikia sana, hata kwa watu waliosoma. Nikamkumbusha yeye mwenyewe ana mwaka wa kumi na mmoja anameza vidonge vya presha kila asubuhi na hakuna aliyemwita mlevi wa vidonge. Akasema hayo ni mambo tofauti. Sawa, ni tofauti, lakini Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, na mimi nimeona kwa macho yangu mtu aliyekuwa anaiba sufuria akinunua sufuria. Wengine wanaacha bila methadoni. Wapo waliotoka soba hausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha unga, Zanzibar hasa, wakasimama imara, nawaheshimu. Asiyefaa ni yule anayemwambia mgonjwa njia yako siyo, wakati njia yake yeye ni kofuli.

Sasa suala la pesa, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinagawanyika. Mama alikuwa akimpa kwa siri. Sikujua hadi nilipomfumania akifungua khanga kwenye ncha na kutoa noti. Alinijibu bila aibu: "Nikimpa mimi, hatakwenda kuiba akachomwa tairi." Mimi sikuwa na jibu siku ile, na sidhani kama mtu yeyote aliyewahi kusikia kelele za "mwizi, mwizi" usiku akatoka kuangalia kama ni wake, anaweza kumlaumu. Lakini naamini pesa taslimu ndiyo kitu cha mwisho cha kumpa. Chakula mpe, hata akija saa nane usiku, hata jana kaiba. Kitanda mpe kama mnaweza kuhimili. Nauli panda naye. Nguo mfulie. Anayekula nyumbani bado ana sababu ya kurudi nyumbani, na kliniki siku zote humkuta yule aliyerudi.

Kisha kuna kuanguka. Mwezi wa saba kwenye dawa alipata kibarua gereji, akalipwa mshahara wa kwanza, na usiku ule hakulala nyumbani. Tuliokuwa tumeanza kujisifu tukakaa kimya. Alirudi siku ya tatu, akakaa kwenye kizingiti, hakuingia. Mjomba akasema si niliwaambia. Mama akamletea maji ya kuoga. Kesho yake tukapanda daladala. Kliniki hawakushangaa hata kidogo. Walimuuliza kala nini, kiasi gani, lini, wakaanza upya na kipimo kidogo. Tangu hapo mshahara wake unaingia kwenye simu yangu, kwa ombi lake mwenyewe, mimi namtolea kidogokidogo. Ana miaka thelathini na nne. Nilimuuliza haoni aibu? Akasema aibu aliiuza pamoja na feni.

Hili la kuanguka nataka wenye ndugu walitilie maanani kuliko yote niliyosema. Mtu aliyekaa miezi bila unga, akitoka soba hausi, jela au shamba kama letu la Handeni, mwili wake umeshasahau. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, kinamuua. Vijana wengi wanafia hapo, siku chache baada ya sherehe ya kupona. Ukimkuta amelala anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zinapungua, midomo inageuka rangi, haamki ukimtikisa, usimwache "alale ulevi umtoke". Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, mkieleza wazi katumia nini. Kuna dawa inaitwa naloksoni inayomrudisha, lakini haimfikii aliyefichwa chumbani kwa sababu familia inaogopa majirani.

Majirani. Mtaani jina lake lilipotea, akawa "teja wa mama fulani". Na wanaume bado wana afadhali. Binti akila unga, nyumba nyingi zinanyamaza kana kwamba hakuzaliwa, hata kule kliniki nilikuwa nahesabu wanawake kwenye foleni na vidole vya mkono mmoja vinabaki. Wengi walikuja peke yao, mtoto mgongoni. Hakuna dada aliyewapandia daladala.

Mwezi uliopita tulipata msiba Tanga. Tunakwenda wote, nani abaki na ufunguo? Kikao kizima. Mjomba akataka nyumba iachiwe jirani. Mama akasikiliza, akafungua khanga, akatoa ufunguo na kumpa mdogo wangu bila hotuba. Njia nzima hadi Segera mimi nilikuwa nahesabu vitu vya ndani kichwani: runinga, friji, mtungi. Najua si vizuri. Nilihesabu.

Tulirudi siku ya nne usiku. Alikuwa amepika wali na maharage, kafunika na sinia. Mtungi ulikuwa dirishani, umefungwa mnyororo vilevile, maana ufunguo wa lile kofuli dogo nilikuwa nao mimi kwenye pochi, nimekwenda nao Tanga na kurudi nao.