Mpandie Kobe Magugu, Mchicha Uache Sokoni

Ukifika Changuu, kisiwa kilicho mkabala na Mji Mkongwe, unapewa konzi ya mboga za majani uwalishe makobe wakubwa wa Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na tangu hapo kila mgeni ana picha yake akinyoosha shina la mboga mbele ya mdomo usio na meno. Picha ni nzuri, ila wengi hurudi nyumbani wakiamini kwamba kobe ni mnyama wa mchicha. Kobe wa Changuu ana siku nzima ya kuzunguka akila nyasi na majani yaliyodondoka, kwa hiyo konzi ya mgeni haimdhuru. Anayeumia ni kobe wa uani anayetupiwa fungu la mchicha asubuhi, kesho tena, na kesho kutwa.

Mchicha una oksalati nyingi, na spinachi ya majani mapana ni vivyo hivyo. Oksalati hushikana na kalsiamu tumboni kabla mwili haujaipata, na kobe amebeba mgongoni mfupa unaoihitaji kalsiamu hiyo. Sisi wenyewe tunauchemsha mchicha na wengine humwaga yale maji ya kwanza. Kobe anaula mbichi. Ongeza na dawa ya wadudu iliyopigwa juzi kwenye bustani usiyoijua. Saladi ya majani laini haina sumu, lakini karibu yote ni maji, na kobe aliyeizoea huwa anachagua chakula kama mtoto aliyezoeshwa peremende.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: bustani ya kobe iwe ile ambayo mkulima angeiona aibu. Panda magugu.

Tunamzungumzia hapa kobe wa nchi kavu mwenye gamba la madoa ya njano na meusi, ndiye anayeonekana sana katika nyumba za kwetu. Awe amepatikana kihalali. Kenya na Tanzania humlinda kisheria kama mnyamapori, na kumwokota barabarani ukamfuga bila kibali ni kosa.

Ukoka uchukue sehemu kubwa, kama robo tatu ya anachokula. Huna haja ya mbegu: ng'oa vipande vyenye vifundo, vifukie kwa umbali wa shubiri moja, mwagilia kila siku kwa wiki mbili, kisha uache ujitafutie.

Baada ya ukoka, mchunga. Wanaoupika wanaujua kwa uchungu wake, na shambani haufi hata ukipigwa jembe, kwa sababu kipande chochote cha mzizi kinachobaki ardhini huchipua. Hapo ndipo faida yako ilipo. Chimba mizizi, ikate vipande vya urefu wa kidole, ilaze kina cha sentimita 3. Jani la mchunga ukilivunja linatoa utomvu mweupe, na hapo watu huogopa, maana mnyaa nao hutoa utomvu mweupe na huo kweli unaunguza macho na mdomo. Usiamue kwa utomvu. Mnyaa ni vijiti vya kijani vya duara, karibu havina majani. Mchunga ni jani refu lenye pembe pembeni, linaloanzia chini kabisa kwenye udongo.

Kongwe ndiyo rahisi kuliko zote: kata shina lenye vifundo viwili, lichomeke, ndani ya wiki moja hivi limeshika. Inapenda kivuli na unyevu, kwa hiyo iweke chini ya mti au karibu na bomba. Ukiwa na mforosadi uani, majani yake ni chakula kizuri, tena mti ukikatwa matawi huchipua zaidi. Mpungate nao una kalsiamu nyingi: kata bapa moja, liache kivulini siku 7 hadi 10 kidonda kikauke, kisha lisimamishe kwenye mchanga mkavu. Ukilipanda bichi linaoza. Kabla ya kulisha, pitisha bapa juu ya moto wa mkaa mpaka vimiba vidogo vyote viungue. Hivyo vidogo usivyoviona ndivyo vinavyochoma ulimi.

Sukuma wiki, matembele, majani ya kunde na mlonge si adui, ila viwe kionjo cha mara moja au mbili kwa wiki. Kunde na mlonge zina protini nyingi mno kwa mnyama wa nyasi. Kisamvu kibichi usimpe kabisa. Tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu kwa sababu ya sumu yake ya sianidi. Majani ya magimbi, ya nyanya na ya mbono pia yabaki nje ya uzio.

Sasa eneo. Ligawe vipande vinne na umfungulie kimoja kwa wiki, vitatu vipumzike. Mimea ikipumzika wiki tatu inarudi. Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kumwachia kobe bustani nzima mapema. Kobe si wa kula tu, analima: anang'oa kwa mdomo, anakandamiza kwa tumbo, na mche wa wiki mbili haustahimili. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu kupanda. Uzio uwe wa matofali au mbao zisizopenyeza mwanga. Akiona upande wa pili atasukuma siku nzima.

Asiye na ua apande kwenye viroba, makarai yaliyotoboka au ndoo zenye matundu chini. Changanya udongo sehemu 2, mchanga 1, samadi ya ng'ombe iliyooza 1. Samadi iwe imekaa miezi 3 au zaidi, ikinusa udongo na siyo zizi. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi na inaweza kuleta salmonela. Mbolea ya chengachenga usitie, kwa sababu kobe hula na kilicho chini ya jani.

Wakazi wa pwani wana shida yao: maji ya kisima yenye chumvi. Utaiona kwenye ncha za majani, zinageuka kahawia na kukauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mwagilia kwa maji ya mvua ukiweza. Usipoweza, mwaga mengi kwa wakati mmoja yapite mpaka yatoke chini, badala ya kunyunyiza kidogokidogo na kuiacha chumvi ijikusanye. Vidukari wakishambulia, kata ncha zilizojaa, zilizobaki zipulizie maji kwa nguvu asubuhi. Dawa hapana.

Kalsiamu ya ziada ipo bure ufukweni: ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, mnyama wa bahari wa jamii ya ngisi. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili ukibadilisha maji, uanike, kisha uuache chini autafune mwenyewe.

Bustani yenye unyevu ina kazi nyingine ambayo wafugaji wengi hawaihesabu. Watoto wa kobe wakilelewa mahali pakavu gamba huota vilima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwa kobe wa sulcata, aina kubwa ya Afrika, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ulichangia zaidi kuliko protini. Kwa hiyo acha kona moja ya kongwe ijifunge mpaka mtoto wa kobe aweze kujificha chini yake.

Aliyezoea mchicha atagoma. Ukate mchicha mdogo mdogo, uchanganye na ukoka uliokatwa vilevile nusu kwa nusu, loanisha ili vishikane asiweze kuchambua, na punguza mchicha kila wiki. Kobe mzima mwenye afya akisusa siku nne au tano usimbembeleze kwa ndizi. Mtoto wa kobe asiyekula siku tatu mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kila ukimshika, mkubwa au mdogo, nawa mikono kwa sabuni.