Wanawaona Vizuri Tu, Hawana Subira

"Tunathamini sana nia yako ya kujiunga nasi." Ndugu zangu, ukiona ujumbe wa kocha wa Marekani umeanza na maneno hayo, funga simu ukalale. Kinachofuata ni msumari.

Kijana wa jirani yangu, mtoto wa Mama Furaha, ndiye aliyeupata. Miezi michache kabla ya hapo chuo kimoja kikubwa (jina nalihifadhi, bado tunaishi nao hawa) kilimwahidi nafasi kwenye timu yao ya futiboli, ile ya Kimarekani ya kofia ngumu, kama mchezaji wa kujilipia. Yaani hapewi ufadhili, ada analipa kama mwanafunzi yeyote, ila anavaa jezi, anafanya mazoezi na wenzake, anakula chakula cha timu, na akionyesha kitu ndani ya mwaka au miwili, ufadhili unakuja. Si ahadi kubwa hiyo. Lakini kwa mama aliyetoka Fizi, Kongo, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, ndipo akaletwa huku kwenye mahindi na kiwanda cha nyama, ilikuwa ahadi ya kupigiwa vigelegele. Na vilipigwa, nilikuwepo, nikala na wali.

Ujumbe akaniletea nimsomee, maana Kiingereza cha makocha kina kona nyingi. Nilipomaliza akanitazama: "Baba Neema, sasa wamemukataa ao hawajamukataa?"

Wamemkataa, mama. Kwa adabu kubwa mno.

Sababu waliyoitaja ni namba: 105. Mnaofuatilia mnaijua. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, kesi ya wanamichezo wa vyuo waliodai kulipwa, iliyobeba jina la muogeleaji, Grant House, ambaye sidhani kama aliwahi kuota kwamba siku moja jina lake lingemtoa mtoto wa Kibembe kwenye futiboli. Tangu hapo vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vinawalipa wachezaji moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Zamani sheria ilibana ufadhili tu, usizidi 85, lakini ukitaka kubeba vijana wengine thelathini, hamsini, wa kujilipia, hiyo ni juu yako. Timu nyingi zilikuwa na watu 120 na kitu. Sasa mambo yamegeuzwa: unaweza kumfadhili kila mmoja, ila kikosi kizima kisivuke 105.

Basi nani anakatwa? Hakatwi yule aliyepewa nyota nne na wanaopima vipaji, kutoka Dallas au Miami. Anakatwa aliyekuwa anajilipia.

Jaji mwenyewe aliliona hilo, tumpe haki yake. Alikataa kusaini mpaka vijana waliokuwa wameshapoteza nafasi kwa ajili ya sheria hiyo wawekewe kinga, wasihesabiwe ndani ya 105 popote watakapochezea. Vizuri kabisa. Kinga hiyo ni ya waliokatwa wakati ule. Wanaomaliza sekondari leo wanakuta mlango umeshapigwa lipu.

Na kabla hamjanirukia kwenye maoni: ndiyo, kulipwa ni haki yao. Kwa miongo vyuo vilijaza viwanja, vikauza jezi, makocha wakalipwa mamilioni, na aliyevunjika goti akaambiwa elimu ndiyo malipo yake. Nimesema, na sitarudia. Lakini hakuna aliyenieleza bado kwa nini kumlipa kwotabeki, yule mrusha mpira, lazima kuendane na kumfungia nje kijana asiyewagharimu hata senti ya ufadhili. Anajilipia! Anawaletea pesa!

Kinachonitoa povu zaidi ni unafiki. Kila msimu wa usajili makocha haohao wanakaa mbele ya kamera na kofia zao, wanasema wanapekua kila kona ya jimbo, hakuna kipaji kitakachowaponyoka. Porojo. Hizo kona wanazipita kwa ndege.

Ngoja niwaambie Ijumaa ya huku ikoje. Shule ni ndogo, haifikishi wachezaji kumi na mmoja wenye afya, kwa hiyo tunacheza futiboli ya watu wanane. Uwanja uko ukingoni mwa shamba la mahindi. Wazee hawashuki kwenye magari yao, wameyapanga kuuzunguka uwanja, timu ikipata pointi wanapiga honi kama harusi ya Tanga. Mtoto wa Mama Furaha anabeba mpira tukishambulia, tukipoteza mpira hatoki, anageuka mlinzi (lainibeka), na teke la kuanzisha mchezo anapiga yeye. Ikifika mapumziko wenzake wanaingia kunywa maji, yeye anavua kofia ngumu, anavaa mkanda wa ngoma, na kwa jezi ileile iliyojaa majani anasimama kwenye bendi ya shule kupiga ngoma. Bila yeye bendi nayo haitoshi. Kisha anavaa kofia, anarudi kugongana. Mama yake hajaona hata nusu ya mchezo, yuko kwenye kibanda cha wazazi anauza maandazi, na Wazungu wa hapa wameyazoea kiasi kwamba yakiisha wanakuja kunilalamikia mimi, kana kwamba mimi ndiye msemaji wa maandazi.

Sasa mpelekee kocha wa chuo kikubwa hadithi hiyo. Atakuambia: wapinzani wake ni dhaifu. Video inatingishika. (Inatingishika kweli. Anayerekodi ni mwalimu wa jiografia juu ya paa la kibanda cha mtangazaji, na upepo wa huku haujui ustaarabu.)

Wapinzani dhaifu. Haya, tuzungumze Riggins, Idaho. Mji wa watu kama 400 hivi kandokando ya mto Salmon. Leighton Vander Esch alicheza futiboli ya watu wanane huko, akaingia Boise State kwa kujilipia, mlango uleule tunaoulilia hapa. Wakamlisha, wakamnyanyulisha vyuma, akakua. Mwaka 2018, siku timu za NFL, ligi ya kulipwa, zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, Dallas Cowboys wakamchukua wa 19 nchi nzima. Usiku huohuo, nafasi kumi na mbili mbele yake, Buffalo Bills walikuwa wameshamchukua mtoto wa mkulima wa Firebaugh, California, aliyemaliza sekondari bila chuo hata kimoja cha ngazi ya juu kumpa ufadhili. Hata Fresno State, chuo cha mlangoni kwake alichokishabikia tangu utotoni, walimwangalia wakampita. Akaenda chuo cha miaka miwili pale Reedley, akawa anawaandikia makocha barua pepe nchi nzima kama mtu anayetafuta kibarua, Wyoming ndio wakamfungulia. Josh Allen. Msimu wa 2024 alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima ya NFL.

Wawili hao walitoka miji ambayo ndege haitui, na waliitwa raundi moja, usiku mmoja. Lakini wapinzani wao walikuwa dhaifu, bila shaka.

Mtasema mifano ya bahati. Jerry Rice alitoka Crawford, Mississippi, vyuo vikubwa vikampita, akacheza Mississippi Valley State, leo ukitaja wapokeaji bora wa historia unaanza naye. Stetson Bennett wa Blackshear, Georgia, aliingia Chuo Kikuu cha Georgia kwa kujilipia, akaondoka kwenda chuo kidogo Mississippi kutafuta namba, akarudi, akawapa ubingwa wa taifa Januari 2022, akaurudia Januari 2023. Hunter Renfrow wa Clemson, naye wa kujilipia, ndiye aliyedaka mpira wa ubingwa dhidi ya Alabama Januari 2017 imebaki sekunde moja. Bahati inarudi mara ngapi ndipo ikaitwa kitu kingine?

Nebraska ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana huko lilikuwa jambo la makusudi. Tom Osborne alifundisha timu ya chuo kikuu pale kuanzia 1973 mpaka msimu wa 1997, na nguzo mojawapo ya kazi yake ilikuwa vijana wa kujilipia kutoka mashambani, wana wa wafugaji na wakulima, waliokaa miaka miwili, mitatu wakigongwa mazoezini kabla ya kuonekana kwenye televisheni. Ubingwa wa 1994, wa 1995, wa 1997. Jimbo halina timu ya NFL, halina bahari, na uwanja wa Lincoln umekuwa ukijaa tangu 1962. Unadhani watu wanaujaza kwa nini? Kwa sababu karibu kila mji ulikuwa na mtoto wake, au binamu wa mtoto wake, mle ndani.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema tatizo ni kutoonekana. Hilo lilikuwa kweli enzi za kanda za kutuma kwa posta. Leo kuna Hudl, mtandao wa kuweka video za michezo, video ya kijana wa shule yoyote inafika ofisini kwa kocha kabla hajamaliza kahawa. Wanawaona. Kilichokwisha ni subira. Kijana wa miaka 18 kutoka shule yenye wanafunzi sitini anahitaji miaka mitatu: wa kwanza anenepe, wa pili ajifunze nafasi moja badala ya kucheza zote, wa tatu acheze. Tangu lango la uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, lifunguliwe Oktoba 2018, na tangu 2021 mchezaji aruhusiwe kuhama bila kukaa nje msimu mzima, kocha ana njia ya mkato. Anamchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kupikwa na chuo kingine. Kwa nini ahangaike na mche wakati sokoni kuna mwembe unaozaa?

Nani anaupanda huo mwembe, basi? Vyuo vidogo. Cam Ward ni wa West Columbia, Texas. Sekondari yao ilicheza mfumo wa kukimbia na mpira, kwotabeki karibu harushi, kwa hiyo skauti akija anaona nini? Chuo kimoja tu kilimpa ufadhili, Incarnate Word cha San Antonio, ambacho wengi wenu ndio kwanza mnakisikia. Huko akarusha mipira mpaka nchi ikageuka. Washington State wakamchukua, Miami wakamchukua, na 2025 Tennessee Titans wakamwita wa kwanza kabisa. Makocha wa Incarnate Word ndio waliotafuta. Waliovuna mnawajua.

Sisi tuliokua na Simba na Yanga mchezo huu tunaujua sana. Kijana anaonekana UMISSETA, anapambana kwenye timu ya mkoani bila mshahara wa kueleweka, siku akianza kuimbwa redioni wakubwa wanatuma gari. Tofauti ni kwamba sisi hatukodi studio kutangaza kwamba tunapekua kila kona.

Kuhusu nyota, zile tatu, nne, tano: anayezigawa hajafika huku. Kambi za majira ya joto za kulipia ili "uonekane": biashara.

Haya, na upande wetu tujisemee. Wazazi wa miji midogo tunazidisha. Kila kijana aliyeikimbiza timu ya wilaya jirani tunamwona yuko tayari kwa Alabama, na ukweli ni kwamba wengi wao, hata wangepewa miaka kumi, hawangefika. Huenda mtoto wa Mama Furaha ni mmojawapo. Kocha wake wa sekondari, mzee asiyependa maneno mengi, aliniambia kijana ni mwepesi wa miguu ila bado hajui kutumia mikono kumtoa mtu. Sawa. Basi apimwe uwanjani, na akishindwa ajionee mwenyewe, siyo kusomewa hesabu ya viti.

Suluhisho langu halihitaji profesa. Waweke nafasi kumi au kumi na tano nje ya 105, za vijana wa kujilipia waliomaliza sekondari za jimbo lenyewe, walipe ada, wasilipwe, wasihesabiwe. Vyuo vya umma vinakula kodi ya wafugaji hawa, na Mama Furaha naye anakatwa kodi kila wiki kwenye kile kiwanda baridi. Wanaosema jambo hilo litavuruga usawa wa mashindano wanichekeshe taratibu. Timu moja ina bajeti ya milioni 20, nyingine inauza keki kununua mahema, halafu usawa unavurugwa na mpiga ngoma.

Wakati tunasubiri huo muujiza, wazazi wenzangu mnaonisoma Iowa, Kentucky, Dakota na kwingineko, sikilizeni. Vyuo vingi vya ngazi ya pili ndani ya Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, havikujiunga na mpango wa malipo, kwa hiyo 105 haiwahusu, bado wanapokea vijana kwa utaratibu wa zamani. Division II wana ufadhili wa vipande vipande. NAIA, shirikisho jingine la vyuo vidogo, nao. Division III hawatoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini wana misaada mingine ya ada, ulizeni ofisi ya fedha ya chuo na wala msimtegemee kocha kwa hilo. Tumeshatuma video kwa vyuo kadhaa vya namna hiyo, safari hii mwalimu wa jiografia kafunga kamera kwenye nguzo, na kocha mmoja wa Division II ameomba mchezo mzima, siyo vipande vya kujisifia tu. Mwacheni mtoto aandike barua pepe mwenyewe, kwa jina lake, makocha wanajua ikiandikwa na baba. Na yule atakayewapigia simu akiwadai mamia ya dola ili mtoto apewe nyota, mwambieni mtoto yuko uwanjani, kisha hela hiyo mnunulieni viatu.