Hiyo umeitoa wapi, mjomba?

Niseme moja kwa moja: shida ya habari za siasa mtandaoni huku kwetu Mtwara sio vijana wa stetasi, shida ni kwamba hatuulizani. Voisi inaingia kwenye grupu la ukoo saa nne usiku, mtu hajajitaja jina, hajasema yuko wapi, anahema tu anasema "jamani huku kimenuka, masanduku ya kura yameshajazwa", na muda si mrefu iko Masasi, iko Newala, iko kwa shangazi Mbagala, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huku ndo wapi.

Na kuuliza tunajua sana. Uchaguzi mkuu unaangukia Oktoba, msimu wa korosho, sasa mwambie mtu arushe bei ya mnada kwenye grupu hilohilo uone. Ataulizwa mpaka achoke: chama kipi cha ushirika, TANECU au MAMCU, mnada wa lini, ghala lipi, daraja la kwanza au la pili, hiyo bei ya juu au ya chini, makato yametoka au bado? Akibabaika imeisha hiyo, hakuna atakayemsikiliza. Pesa ya msimu mmoja tunaihoji hivyo, halafu kura ya miaka mitano tunaipokea kwa voisi ya mtu asiye na jina.

WhatsApp wamejaribu. Ujumbe uliofowadiwa mara nyingi unawekewa mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huwezi kuutuma sehemu zaidi ya moja kwa wakati. Ni jambo zuri, lakini huku habari haiishii kwenye simu. Dereva boda mwenye simu janja anasikia, anaisimulia kijiweni, mama muuza samaki anaibeba mpaka feri, mzee anaipeleka barazani, na ile mishale imebaki kwenye simu ya boda. Ikifika kijijini imeshakuwa "nimesikia kwa mtu wa uhakika". Kwa hiyo wewe mwenye simu ndo kichujio cha mwisho, baada yako hakuna tena alama ya kumshtua mtu.

Nakumbuka Oktoba 2020. Tarehe 14 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu waliotokea upande wa Msumbiji, na polisi wenyewe walilithibitisha tukio, halafu tarehe 28 ndo kura. Hebu fikiria mtu wa kando ya mto Ruvuma wakati ule anavyopokea kila ujumbe unaosema wanakuja tena, anatakiwa aamue aende kituoni kupiga kura au achukue watoto aondoke. Pale habari ya uongo inaumiza, na habari ya kweli ikicheleweshwa nayo inaumiza vilevile, na hili la pili viongozi wetu hawapendi kulisema.

Maana dawa yao ni kuzima. 2020 mitandao ilibanwa kipindi cha kura, Mei 2025 X, ile Twitter ya zamani, ikafungiwa, Septemba jukwaa la mijadala la JamiiForums likasimamishwa siku 90, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, intaneti ikakatwa nchi nzima siku kadhaa. Je uvumi ulikatika? Haukukatika hata kidogo! Watu walipigiana simu, kila aliyepata ndugu Dar anaeleza lake, na hapakuwa na pa kulinganisha, huna picha, huna chanzo cha pili, una sauti ya mtu mwenye hofu tu. Kuzima intaneti kunaondoa vya kuhakikishia na kuacha vya kutishia.

Na sheria nayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo ni faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miaka mitatu au vyote viwili. Sipingi uongo uadhibiwe. Ila angalia inamgusa nani: mwalimu aliyekuwepo kituoni, ameona kwa macho yake, angeandika kwa jina lake, huyo ndo ananyamaza. Yule wa voisi hana jina, ataogopa nini?

Tukirudi kwenye ukoo, najua ugumu uko wapi. Sisi watu wa kusini mjomba ni mjomba, ameposti kitu utamwambiaje ni uongo mbele ya wapwa wote? Usimwambie hivyo. Mfuate inbox, "shikamoo mjomba, hii ya vituo vya Tandahimba umeitoa kwa nani, nataka nimpigie nijue zaidi". Mara nyingi atajibu kaletewa na mtu, na yule mtu kaletewa na mtu, hapo ameshajua mwenyewe, ataifuta bila aibu. Maadmini nao waache kujifanya hawaoni, mbona mtu akituma picha chafu anatolewa palepale?

Matokeo ndo yanayonikera zaidi, usiku wa kuhesabu kila mtu ana namba zake. Wakati karatasi zipo, fomu 21A ya rais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani, zinajazwa kituoni na mawakala wanasaini, na nakala inabandikwa watu waisome. Kenya 2022 tume yao iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, mtu yeyote anafungua ya kituo chake analinganisha na alichokiona ukutani. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na yetu iweke, kituo kwa kituo, kuanzia Chikongola mpaka kijiji cha mwisho Nanyumbu, na iwe imeshajaribiwa kabla ya 2030, sio ahadi ya wiki ya mwisho. Mtu wa voisi akisema masanduku yamejazwa, tumwambie ataje kituo tufungue fomu yake.