Uturuki na Somalia: Udugu upo, mikataba nani anaisoma?

Tarehe 19 Agosti 2011, katikati ya mfungo wa Ramadhani, Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu wa Uturuki, alitua Mogadishu akiwa na mkewe na baadhi ya mawaziri wake. Njaa ilikuwa imeshika kusini mwa Somalia. Makadirio ya baadaye yanasema iliua watu wapatao 260,000. Al-Shabaab walikuwa wamejiondoa mjini majuma mawili tu kabla. Kwa karibu miaka 20 hakuna kiongozi wa ngazi yake kutoka nje ya Afrika aliyekuwa amekanyaga pale, na wafadhili wengi waliiendesha misaada yao wakiwa Nairobi. Anayeshangaa kwa nini kuna Wasomali waliowapa watoto wao majina ya Erdoğan na Istanbul aanzie hapo. Yule bwana alikuja watu wakiwa wanakufa, na watu wake hawakuondoka.

Hilo la kutoondoka ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2013 jengo la ubalozi wa Uturuki lilishambuliwa. Desemba 2019 Waturuki wawili waliuawa katika mlipuko wa makutano ya Ex-Control, Mogadishu, uliochukua roho za watu zaidi ya 80. Kazi haikusimama. Baada ya bomu la Oktoba 2017 kwenye makutano ya Zoobe mjini humo, lililoua mamia ya watu, ndege ya jeshi la Uturuki ilikuja kuwachukua majeruhi kwenda kutibiwa Ankara. Sasa linganisha na Falme za Kiarabu, nchi ya Kiislamu vilevile, tena jirani zaidi. Aprili 2018 Somalia ilikamata dola milioni 9.6 zilizoshushwa kwenye ndege yao uwanjani Mogadishu. Wao wakakatisha mafunzo ya askari wa Somalia na kufunga hospitali waliyokuwa wakiiendesha mjini humo. Ugomvi ulikuwa wa serikali mbili, lakini waliokosa daktari ni wagonjwa. Kwa hiyo dini peke yake haielezi kwa nini urafiki mmoja ulidumu na mwingine ukavunjika.

Wanasiasa wa pande zote mbili hupenda kurudi kwenye historia: Waosmani, dola ya zamani ya Waturuki, waliompelekea wapiga bunduki Imamu Ahmad wa Adal, usultani wa Kiislamu wa Pembe ya Afrika, aliyeuawa vitani mwaka 1543. Sisi wa pwani tuna kipande chetu cha habari hiyo. Mir Ali Bey alileta merikebu za Waosmani hadi huku miaka ya 1580, na Wareno wakamkamata Mombasa mwaka 1589. Ni historia ya kweli, lakini si msingi wa uhusiano wa leo. Hata madhehebu ya fiqhi yanatofautiana: Waturuki wengi ni Wahanafi, Wasomali ni Mashafii, na kwa karne nyingi hawakuwa na mengi kati yao. Kinachoonekana sasa kimejengwa tangu 2011: safari za Turkish Airlines zilizoanza Machi 2012, hospitali ya Digfeer mjini Mogadishu iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena 2015 kwa jina la Erdoğan, na vijana waliopata ufadhili wa masomo wakarudi wakiongea Kituruki. Waziri wa Ulinzi wa Somalia wa wakati huo aliyetia saini mkataba wa ulinzi wa 2024 jijini Ankara, Abdulkadir Mohamed Nur, alisoma katika Chuo Kikuu cha Ankara.

Wanaoutetea uhusiano huu wanasema: tuonyesheni mwingine aliyefanya nusu ya haya. Ni hoja nzito. Kampuni ya Kituruki ya Albayrak ilipochukua bandari ya Mogadishu mwaka 2014, makubaliano yaliipa serikali asilimia 55 ya mapato, katika nchi ambayo kukusanya ushuru wowote kulikuwa taabu. Kambi ya Uturuki ya kufundishia askari wa Somalia, TURKSOM, iliyofunguliwa Septemba 2017, imetoa kikosi cha Gorgor, ambacho ni kati ya vikosi vinavyotegemewa zaidi dhidi ya Al-Shabaab. Na Ethiopia ilipotia saini hati ya maelewano ya kupata njia ya bahari na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru ambalo Somalia inalihesabu lake, Januari 2024, hata watu wakahofia vita, ni Ankara iliyowakalisha Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud na Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed hadi wakatoa tamko la pamoja Desemba mwaka huohuo.

Ila upande wa pili nao una ushahidi wake. Julai 2016 jaribio la mapinduzi liliposhindwa Uturuki, serikali ya Somalia iliamuru palepale shule na hospitali zilizohusishwa na Fethullah Gülen, mhubiri ambaye Ankara ilimtuhumu kwa jaribio hilo, zifungwe, na watumishi wao wakapewa siku saba kuondoka. Ugomvi wa Waturuki wenyewe ukageuka amri ya baraza la mawaziri Mogadishu, na waliolipa ni wanafunzi. Desemba 2020, uchaguzi ukiwa umekaribia, viongozi wa upinzani walimwandikia balozi wa Uturuki wakimsihi azuie shehena waliyosema ni ya bunduki 1,000 za G3 na risasi 150,000 kwa kikosi maalumu cha polisi, Haram'ad, wakihofia kitatumika dhidi yao. Fikiria hali ya nchi ambayo wapinzani, badala ya kulalamika kwa bunge lao, wanakimbilia kwa balozi wa nje.

Hapo ndipo penye kidonda, na simlaumu Mturuki kwanza. Tarehe 21 Februari 2024 mkataba wa ulinzi na uchumi wa miaka kumi, unaogusa bahari yote ya Somalia, ulipitishwa na baraza la mawaziri na bunge siku hiyohiyo: kura 213 za ndiyo, 3 za hapana. Wananchi hawakuwa wameyaona maandishi yake. Machi ikaja hati ya mafuta na gesi, na Oktoba meli ya utafiti Oruç Reis ikafika. Masharti ya hati hiyo yalipojulikana hadharani Aprili 2025, watu walishtuka: upande wa Uturuki unaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 90 ya mafuta kwa mwaka kufidia gharama zake, mrabaha wa Somalia, yaani fungu lake kama mwenye mali, hauzidi asilimia 5, na migogoro itaamuliwa Istanbul. Watetezi wanajibu kwamba anayechimba baharini mahali penye hatari kama hapo hubeba gharama kubwa na lazima azirudishe kwanza. Ni kweli, kurudisha gharama ni desturi ya mikataba ya aina hii. Lakini asilimia 90 ni kiwango cha juu mno, na ndugu anayekutakia heri hapaswi kukuona una shida akakuandikia masharti ambayo asingekubali kuandikiwa yeye.

Kuna wanaodhani kuhoji haya ni kukosa shukrani, na mitandaoni huwa wakali. Mimi naona Msomali anaweza kumshukuru daktari wa Digfeer kwa moyo wote na bado akadai kifungu cha asilimia 90 kifunguliwe upya. Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye Bunge lake na Mahakama yake Arusha, na baadhi ya nchi wanachama zimeshajadili mikataba ya mafuta na gesi kwa miaka mingi, zikaumia na kujifunza. Wabunge wa Mogadishu wangeweza kuomba wanasheria wa Dar es Salaam na Kampala wakae nao, hati ikiwa mezani kwa Kisomali, kabla kisima cha kwanza hakijaanza kutoa mafuta.