Njia haitaki rangi, inataka jembe

Mwezi wa tisa kikundi cha wapanda milima kutoka mjini kilikuja kwetu, Upare wa kusini, kuhudumia njia ya kwenda kilele cha Shengena. Walivaa fulana sare. Wakachora mishale myekundu kwenye mawe, wakagongomea kibao, wakaokota chupa za maji, wakapiga picha, jioni wakateremka mjini Same. Sina ugomvi nao. Chupa wameziokota kweli, na sisi wenyeji huwa tunazipita tu. Ila mvua za kwanza za vuli ziliponyesha, maji yalishika katikati ya njia kama kawaida yake, na jiwe moja la mshale nikalikuta limepinduka, linaelekeza bondeni.

Kinachoua njia ya mlimani ni maji. Miguu inaikanyaga mpaka inabonyea, mvua inafuata pale palipobonyea, na kwa miteremko ya kwetu haipiti misimu mingi unajikuta unatembea ndani ya korongo la kufika magotini. Watu wakikwepa utelezi wanapita pembeni kwenye majani, hapo njia ya pili inazaliwa, kisha ya tatu. Bodaboda zinazobeba tangawizi zinamalizia.

Dawa yake haipendezi kwenye picha. Kuna mzee jirani yetu nilimkuta konani anachimba mfereji mwembamba, wa mshazari, unaokata njia. Nikamuuliza mbona hauvushi moja kwa moja.

"Ukiunyoosha hivyo, mwanangu, maji yanatuama, mchanga unajaa, kesho yanauruka. We yaonyeshe mlango tu."

Udongo aliutupia upande wa chini, akaushindilia kwa kisigino, kisha akapanga mawe pale mfereji unapotokea ili maji yasichimbe shamba la mtu. Dakika ishirini hivi. Akabeba jembe, akaenda kona inayofuata.

Upareni kazi ya namna hii, kijiji kikiifanya kwa pamoja, ina jina lake: msaragambo. Ndiva zetu, yale mabwawa yanayokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani, zimezibuliwa tope kwa msaragambo vizazi na vizazi. Na si suala la kujisikia. Kwetu asiyefika bila udhuru anatozwa faini. Wapo wanaoniambia kwamba kujitolea kwa faini si kujitolea. Sawa, basi tafuteni jina jingine. Nilichoona mimi ni kwamba moyo wa kupenda unachoka tope likifika kwenye vifundo, na njia ya kilele cha mita 2,462 inaanzia vijijini, kwenye njia hizihizi za watoto wa shule na akina mama wa sokoni. Anayepanda mara moja kwa mwaka anaikuta imetengenezwa, anadhani ndivyo mlima ulivyo.

Kikundi kile kimeniandikia kuwa kinataka kurudi. Nimewajibu waache rangi nyumbani, waje siku ya msaragambo, saa moja asubuhi, na buti za mpira. Majembe tutawaazima. Wakichelewa, faini wanaijua.