Tumeionea nyanya, tumekiacha kitambi

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati la vyombo, nyumbani kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Moshi. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, ikinakili sauti ya WhatsApp aliyotumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa na mtu. Marufuku: nyanya, mbilingani, pilipili, viazi mviringo, ngano, maziwa, mayai, nyama nyekundu, sukari. Chini kabisa, pale karatasi ilipokuwa imeisha na herufi zikaanza kubanana, palikuwa na neno moja: pombe.

Mjomba anaishi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi, mwaka wa kumi na moja sasa. Imemkaa kwenye viwiko, magotini, na utosini hadi nyuma ya masikio. Kwa ngozi nyeusi kama yake haionekani nyekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Ni mabaka yenye rangi kati ya zambarau na kijivu, juu yake magamba meupe yanayopukutika kama unga wa muhogo kwenye kola ya shati, na yakitulia huacha weusi unaodumu miezi. Mwanzoni hospitali moja ilimtibu fangasi karibu mwaka mzima. Kanisani watu walianza kumwachia nafasi kwenye benchi, na neno walilonong'ona lilikuwa ukoma. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia aache nyanya, ataacha nyanya na mche wake.

Siku ile nilimkuta mkazamjomba amepika sufuria mbili. Moja ya watu wote, nyingine ya mgonjwa: mnafu uliochemshwa kwa maji na chumvi, bila nyanya. Bia zilikuwa kwenye friji.

Nikacheka, halafu nikaona aibu. Mnafu na nyanya ni ukoo mmoja. Mbilingani umo, pilipili hoho na pilipili kichaa zimo, viazi mviringo vimo, nyanya chungu imo. Orodha zinazozunguka kwenye simu zetu zilitungwa na watu wasiojua mnafu ni nini, ndiyo maana hawakuukataza. Viazi vitamu havimo katika ukoo huo, wala pilipili manga, ingawa wengi huviacha vyote kwa ajili ya jina tu. Kama ukoo huu ndio ungekuwa sumu ya soriasisi, mjomba alikuwa akiila kila jioni kutoka sufuria ya mgonjwa.

Lakini tuwatendee haki wanaozitetea orodha hizi, maana hoja yao si ya kijinga. Mwaka 2017 yalichapishwa majibu ya wagonjwa 1,206 wa soriasisi nchini Marekani walioulizwa habari za chakula. Zaidi ya nusu ya waliopunguza vyakula vya ukoo wa nyanya walisema ngozi zao zilipata nafuu. Walioacha ngano walisema hivyo hivyo, kwa kiwango kinachokaribiana. Hao ni watu waliokaa na ngozi zao usiku na mchana, na daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi kila baada ya miezi mitatu hana haki ya kuwapuuza. Na kuna jambo jingine, ambalo kwetu ni zito zaidi. Madaktari wa ngozi ni wachache. Moshi ina bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Lakini mgonjwa wa Kibondo au Mpanda anapanda basi siku nzima au zaidi kuwafikia wataalamu wa namna hiyo. Sindano za kisasa za kibayolojia, ambazo Ulaya zimebadilisha kabisa maisha ya wagonjwa, bei yake hapa ni ya kusikia tu. Kitu kilicho mkononi mwa mgonjwa ni sahani yake. Ukimnyang'anya hiyo nayo, umembakishia nini?

Hapo nakubaliana nao kabisa. Ninapoachana nao ni kwenye namna wanavyoamua kipi kimefanya kazi.

Soriasisi ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Kinga ya mwili huchokoza ngozi, na seli zinazopaswa kuchukua takriban mwezi mmoja kutoka chini hadi juu hupanda kwa siku chache tu, zikarundikana na kuwa magamba. Mchokozo huo hauko sawa mwaka mzima. Huwaka, hutulia, huwaka tena, wakati mwingine bila sababu inayoonekana. Sasa jiulize mtu huanza lini kujinyima. Haanzi siku ngozi imetulia. Anaanza siku hali imefika shingoni, hawezi kuvaa shati jeupe. Kutoka kilele hicho, njia iliyobaki mara nyingi ni ya kushuka, awe ameacha nyanya, amekunywa mwarobaini au amekaa tu. Kilichoachwa wiki hiyo ndicho kinachopewa sifa. Na anayejipanga kuacha nyanya huwa, wiki hiyo hiyo, ameacha pia chipsi, amepunguza bia, anajipaka mafuta kila asubuhi na analala mapema. Nyanya inahukumiwa kwa makosa ya jamaa zake.

Ndiyo maana majaribio yenye makundi mawili yana uzito kuliko ushuhuda, hata ushuhuda wa mtu mwaminifu. Chukua lile la Italia la 2014: wagonjwa 303 wenye uzito uliozidi, wote wakiwa tayari kwenye dawa za kumeza au sindano. Kundi moja lilipewa mpango wa chakula na mazoezi kwa wiki 20, jingine likapewa maelezo tu kuhusu faida ya kupungua. Ukali wa ugonjwa ulishuka kwa asilimia 48 kwa waliofuata mpango. Kwa waliopewa maelezo tu ulishuka kwa asilimia 25.5. Namba ya pili ndiyo ninayopenda kuwaonyesha watu. Robo ya ugonjwa ilipungua bila mpango wowote wa chakula, kwa dawa walizokuwa nazo na kwa mawimbi ya ugonjwa wenyewe. Kama kundi la pili lisingekuwepo, chakula kingebeba sifa yote.

Basi wanaosema chakula hakina lolote nao wameshindwa, maana pengo kati ya 48 na 25.5 si dogo. Mafuta ya tumboni hayakai kimya. Hutoa kemikali zile zile za uvimbe zinazochochea ngozi, na mwili mkubwa hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa. Mwaka 2018 jopo la madaktari la taasisi ya soriasisi ya Marekani lilipitia tafiti 55, na pendekezo lake lenye nguvu lilikuwa hilo: mgonjwa mwenye uzito uliozidi apunguze uzito kwa kula kiasi kidogo cha nishati. Kuhusu ngano walisema kwa sauti ya chini, tena kwa wale tu ambao kipimo cha damu kimeonyesha kwamba miili yao inagombana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Kwetu ugali wa mahindi, wa muhogo na wa mtama hauna gluteni kabisa, kwa hiyo familia nyingi tayari zinakula "mlo maalumu" unaouzwa ghali kwenye maduka ya Ulaya. Soriasisi bado ipo.

Hata hivyo uzito nao usifanywe muujiza mpya. Denmark walifanya jaribio lao, likachapishwa 2013: watu 60 wanene, wiki 16 za mlo mdogo sana. Waliofuata mlo walipungua kilo 15 na ushee kuliko wenzao. Ngozi ilielekea upande mzuri, ila tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Kilichopanda waziwazi ni ubora wa maisha yao, kwa maneno yao wenyewe. Kwa hiyo anayemwahidi mgonjwa kwamba akipungua kilo 15 atang'aa anaahidi kisichokuwa chake. Na kwa mgonjwa mwembamba, wa kilo 50 na ushee, orodha ya marufuku kumi haina cha kumpunguzia isipokuwa nguvu.

Virutubisho vya chupani vimefanya vibaya zaidi. Mafuta ya samaki yalijaribiwa dhidi ya mafuta ya mahindi, matokeo yakatoka 1993, yakashindwa kuonyesha tofauti. Vitamini D ya kumeza ilijaribiwa Norway wakati wa baridi kali, wagonjwa 122, matokeo yakatoka 2023: hakuna. Lakini mlo mzima unaweza kuwa habari nyingine. Mwaka 2025 Wahispania walitoa jaribio dogo la wagonjwa 38 wenye soriasisi ya wastani au chini ya hapo, nusu wakifuata kwa wiki 16 mlo wa pwani ya Mediterania: mafuta ya zeituni, samaki, jamii ya kunde, mboga na matunda. Karibu nusu ya waliofuata mlo huo walipungukiwa na robo tatu ya ukali wa ugonjwa au zaidi. Upande wa pili hakufika hapo hata mmoja. Ni watu wachache, nami nisingejenga nyumba juu yao. Ila angalia kilichokuwa kwenye sahani zao. Mlo wa namna hiyo haukatazi nyanya. Na ukiondoa zeituni, sokoni Mbuyuni vingine vyote vina binamu zake: dagaa, maharage, kunde, mchicha, parachichi.

Kufunga nako kuna watetezi, na utafiti wa 2019 uliofuata wagonjwa 108 waliofunga Ramadhani ulikuta mabaka yamepungua mwishoni mwa mwezi. Haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo narudi kwenye hoja yangu ya mawimbi. Mgonjwa anayefunga kwa imani yake aendelee, ila anayemeza dawa azungumze na daktari kwanza juu ya saa za kumeza.

Yasiyo ya sahani yanasemwa kidogo mno, nami nadhani ni kwa sababu hayauziki. Sigara huongeza hatari ya kuupata ugonjwa na huufanya mkali zaidi. Pombe ni hivyo hivyo, na kwa anayetumia methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inagombea ini lile lile. Halafu kuna dodoki. Tumelelewa kwamba mwili mchafu husuguliwa, na magamba yanaonekana kama uchafu, basi mgonjwa hujisugua kwa maji ya moto hadi vitone vya damu. Ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa inaweza kuota baka jipya pale pale kwenye jeraha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, na mafuta ya mgando dakika hiyo hiyo ngozi ikiwa bado na unyevu: sijaona mtu aliyetengeneza video ya kuuza hilo. Jua la asubuhi, ambalo kwetu ni la bure, husaidia wengi, mradi lisifike kuunguza.

Hofu yangu kubwa kuhusu karatasi ya mjomba haikuwa nyanya. Nyanya haimuui mtu kwa kuikosa. Hofu yangu ilikuwa kile ambacho sauti ile ya WhatsApp ilisema mwishoni: achana na dawa za hospitali, zinaziba tu. Mtu aliyekuwa akimeza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, akiziacha ghafla, soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima, ngozi ikawaka na kumenyuka hadi alazwe. Na soriasisi inayokuja ghafla na kwa ukali kwa mtu ambaye hakuwa nayo inaweza kuwa ishara ya VVU, jambo ambalo hakuna orodha ya vyakula itakayoligundua. Viungo vikianza kukakamaa asubuhi, hiyo nayo ni habari ya daktari, mapema, kabla vidole havijapinda.

Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliitambua rasmi soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza na usio na tiba ya kuumaliza. Maneno "usio na tiba" ndiyo mlango wanaoingilia wauzaji wa orodha. Mgonjwa akiambiwa hivyo hospitalini, kisha asiambiwe kitu kingine, atamsikiliza yeyote atakayemwambia kinyume. Katika hilo nawalaumu madaktari kuliko wauzaji. "Kula chochote tu" ni jibu la uvivu kwa mtu wa kilo 104 anayekunywa kila siku.

Mjomba alikuwa na hizo kilo 104. Kumpunguza kumekuwa kazi ngumu kuliko kumkataza nyanya, na si kwa sababu ya njaa. Kwetu mwanaume akipungua watu hawampongezi, wanamuuliza anaumwa nini, na wanaouliza tayari wana jibu lao. Alipopoteza kilo 8 za mwanzo, rafiki yake wa zamani alimvuta kando msibani na kumwambia kwa upole kwamba siku hizi dawa zipo, asione haya. Nusura arudie bia kwa ajili ya heshima.

Hakurudia, au kwa usahihi zaidi, hurudia Krismasi. Dawa zake anaendelea nazo. Viwiko bado vina magamba, utosi umetulia tangu Machi, na magoti yanapanda na kushuka kama zamani. Karatasi bado ipo ndani ya mlango wa kabati. Mkazamjomba amekata nyanya kwa mstari mmoja mrefu, akakata na mbilingani, na lile neno la chini lililobanana amelizungushia duara mara tatu, hadi karatasi ikatoboka.